Gia za servo za ndege ya rimoti: mwongozo kamili wa kuchagua nailoni, Karbonite au chuma

Swali linalonifikia kila mara ni lile lile: "Gia za servo ya aileroni zimesagika tena, ninunue za chuma?" Servo ni kijimota chenye gia kinachosogeza vibao vya kuongozea ndege. Anayeuliza huwa ameshabadilisha servo mara kadhaa, na kila mara amechukua ile ile aliyoikuta dukani. Wengine wameshanunua za chuma, na sasa wana tatizo jipya: ndege imekuwa nzito mkiani, kibao kinacheza kwa kulegea, au mota ya servo ndiyo inayoungua badala ya gia.

Kabla ya kujibu, mimi huuliza gia zilizokufa zilikufaje. Nailoni kwa kawaida hufa kwa pigo moja la ghafla. Shaba, ambayo ndiyo "chuma" cha servo nyingi, hufa polepole, kwa kulika. Dawa ya kifo cha kwanza yaweza kuleta cha pili, ndiyo maana watu wanazunguka palepale.

Mwongozo huu ni wa ndege za mabawa peke yake. Helikopta na magari yana masharti yake. Ninaposema vibao nina maana ya sehemu zinazogeuka: aileroni (za mabawani, hulaza ndege upande), elevata (ya mkiani, hupandisha na kushusha pua), usukani wa mkia na flapu (za mabawani, huteremshwa wakati wa kutua).

## Vitu vya kuandaa

- Servo zako zilizoharibika. Ndizo ushahidi.
- Bisibisi ndogo ya nyota, PH0 au PH00.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Rula ya milimita.
- Kifaa cha kujaribia servo, kile kidogo chenye kitufe cha kuzungusha. Ukikikosa, risiva (kipokezi cha ndani ya ndege) na rimoti yako vinatosha.
- Sumaku ndogo.
- Grisi nyeupe ya lithiamu na kijiti cha meno.
- Gundi ya buluu ya kufungia skrubu, kwa shafti za chuma tu.
- Maelezo ya servo: uzito, nguvu, voltaji, aina ya gia na idadi ya vijino vya shafti (meno madogo ya mhimili unaotoka nje ya servo). Muuzaji asiyeweza kukutajia hata uzito na voltaji, mwache na servo zake.

## Hatua ya 1: Ifungue servo iliyokufa

Fungua skrubu nne za chini, kisha inua kifuniko cha juu taratibu, servo ikiwa imesimama wima. Ukiiinamisha gia zitamwagika, na vile vipini vyembamba vinavyozishikilia vikianguka kwenye zulia hutaviona tena. Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote.

Sasa angalia meno, na usitosheke na gia ya juu tu. Gia za karibu na shafti ya kutokea ndizo zinazobeba nguvu kubwa zaidi, kwa hiyo mara nyingi uharibifu uko huko.

Meno mawili matatu yamekatika mahali pamoja, mengine mazima. Hilo ni pigo. Kibao kiligonga kitu, au mtu alikisukuma kwa mkono.

Meno yote yamekonda, grisi imekuwa nyeusi na ina chembe za metali. Hapo gia zimelika, kwa mtetemo wa injini au kwa matumizi ya muda mrefu.

Meno mazima, lakini kuna harufu ya kuungua. Mota au saketi imezidiwa. Gia hazina hatia, na kununua za chuma hakutasaidia.

Gia nzima, vijino vya shafti vimesagika. Mkono wa servo (kile kipande kinachofungwa juu ya shafti) haukulingana na shafti, au skrubu yake ililegea.

*Utajua umefaulu* ukiweza kusema kwa sentensi moja kilichoiua servo. Usipoweza, usinunue kitu bado.

## Hatua ya 2: Tafuta pigo linatoka wapi

Chukua ndege ya povu isiyo na magurudumu, inayotua kwa tumbo kwenye nyasi. Bawa moja linatangulia kushuka, na ukingo wa nyuma wa aileroni unanaswa na kishungi cha nyasi. Aileroni inasukumwa juu, waya mgumu unaoiunganisha na servo unasukuma mkono wa servo, mkono unalazimisha shafti igeuke kinyume. Gia za servo zimepangwa ili mota izunguke mara nyingi na shafti igeuke kidogo. Ukigeuza shafti kwa nguvu, mota inatakiwa kuruka kwenye kasi kubwa papo hapo. Haiwezi. Jino ndilo linalobeba pigo lote, na likiwa la nailoni, linakatika.

Sasa pitia ndege yako servo moja baada ya nyingine:

- Flapu zikiteremshwa wakati wa kutua ndizo zilizo karibu zaidi na ardhi. Kwenye glaida hili ndilo chimbuko la vifo vingi vya servo.
- Gurudumu la mbele linaloongozwa hupiga kila jiwe la uwanja, na servo yake inakula kila pigo.
- Ndege za bawa tupu zisizo na mkia hutua juu ya vibao vyenyewe.
- Elevata na usukani wa mkia wa ndege yenye magurudumu hupigwa mara chache sana. Servo hizo huhitaji chuma kuliko watu wanavyodhani? Hapana, kinyume chake.

Mapigo mengine hayatokei uwanjani kabisa. Ndege inapakiwa kwenye buti la gari na mizigo inalalia mkia. Rafiki anakuja, anashika aileroni na kuisukuma juu na chini "kuona kama inafanya kazi". Servo isiyo na umeme isisukumwe kwa mkono, hasa ya nailoni.

Kwa wanaorushia Nairobi na miinuko mingine: kwenye mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi, na ndege ile ile hutua ikiwa na kasi ya kweli iliyozidi ya pwani kwa takribani asilimia 8 au 9. Nguvu ya pigo hupanda kwa mraba wa kasi. Rafiki yako wa Mombasa au Dar akikuambia nailoni zake hazijawahi kukatika, hakudanganyi.

*Utajua umefaulu* ukiwa na orodha ya servo zako, kila moja ina neno moja mbele yake: pigo, mtetemo, au salama.

## Hatua ya 3: Kadiria nguvu kabla ya kufikiria gia

Hapa ndipo wengi huteleza. Gia za chuma haziongezi nguvu ya servo. Tazama mbili zinazojulikana na kila mtu: SG90 ya nailoni ina uzito wa gramu 9, na MG90S ya chuma gramu 13.4. Zote mbili, kwa maelezo ya kawaida ya kiwandani, zinatoa 1.8 kg·cm kwenye volti 4.8. Ulichonunua kwa zile gramu 4.4 za ziada ni uvumilivu wa pigo, basi.

Kipimo cha 1.8 kg·cm maana yake ni kwamba tundu lililo sentimita 1 kutoka katikati ya shafti linaweza kuvuta kilo 1.8 kabla servo haijakwama. Hamisha waya hadi tundu la sentimita 1.5 na unabaki na kilo 1.2.

Mzigo wa kibao angani hupanda kwa mraba wa kasi, na pia kwa mraba wa upana wa kibao. Ukiongeza kasi mara mbili, mzigo ni mara nne. Ndiyo maana ndege ndogo ya mbio inaweza kuhitaji servo yenye nguvu kuliko ndege kubwa ya mafunzo inayoelea polepole.

Mahali pazuri pa kuanzia:

- Ndege ya povu ya mita 1 hadi 1.4, uzito hadi kilo 1 hivi: servo za gramu 9, kati ya 1.2 na 2 kg·cm.
- Ndege ya mafunzo ya balsa, mita 1.5 hadi 1.6, kilo 2.5: servo za ukubwa wa kawaida, 3 hadi 4 kg·cm.
- Ndege ya petroli ya 30 cc, kilo 6 au 7: 8 hadi 12 kg·cm kwenye aileroni na elevata, na zaidi kwa michezo ya 3D (sarakasi za angani).

Tahadhari ya uzito. Servo mbili za mkiani zikiongezeka gramu 4.4 kila moja, ni gramu 8.8. Kama ziko sentimita 60 nyuma ya kitovu cha uzito, na puani una sentimita 20 tu za kuweka risasi ya kusawazisha, utahitaji gramu 26 hivi puani. Ndege ya nusu kilo imeongezeka gramu 35 bila faida yoyote, kwa sababu servo za mkia hazikuwa zikipigwa tangu mwanzo.

## Hatua ya 4: Chagua gia, servo moja kwa moja

Si lazima ndege nzima iwe na aina moja. Changanya bila aibu.

### Nailoni

Ni nyepesi, tulivu, rahisi, na ikiwa mpya haichezi kabisa. Hustahimili mtetemo mdogo wa mota ya umeme kwa muda mrefu bila kulika. Udhaifu wake ni pigo.

Udhaifu huo una upande mzuri. Kwenye povu, jino la nailoni ni fyuzi: likikatika, limeokoa bawa. Nimeona servo za chuma zikitoka salama huku zikiwa zimeng'oa kitanda chake kizima ndani ya povu pamoja na pembe ya aileroni (kile kipande kinachoshika waya). Gia ni rahisi kubadilisha kuliko bawa.

Chagua nailoni kwa servo zote ulizoandika "salama", na kwa ndege za umeme zenye magurudumu.

### Karbonite

Ni jina la kampuni ya Hitec kwa nailoni yao iliyoimarishwa. Inabeba mzigo mkubwa kuliko nailoni ya kawaida na hulika polepole sana, kwa hiyo haianzi kucheza mapema. Lakini bado ni plastiki: pigo kali litaikata. Kwenye Hitec utaitambua kwa herufi HB, kama HS-65HB, ambayo ina ndugu yake wa chuma, HS-65MG.

Kwa maoni yangu hii ndiyo aina inayopuuzwa kuliko zote. Glaida (isipokuwa flapu zake), ndege ya balsa yenye injini ndogo, au elevata inayohitaji usahihi: hapa Karbonite hushinda shaba, kwa sababu adui ni kulika, wala si pigo.

### Shaba ya manjano na alumini

Hizi ndizo "chuma" cha servo nyingi za bei nafuu. Hustahimili pigo vizuri. Zinalika, hasa zikifungwa kwenye ndege ya injini inayotetemeka. Baada ya msimu mmoja servo inaanza kucheza, na kibao kinachocheza kikifika kasi kubwa huanza kupepea. Kibao kikipepea, ndege inaweza kupasuka angani ndani ya sekunde chache.

Zifunge kwenye aileroni za ndege za kutua kwa tumbo, bawa tupu, flapu na gurudumu la mbele. Kwa injini ya petroli zikwepe kwenye vibao vikubwa.

### Feleji na titani

Zinavumilia pigo na kulika pia. Bei iko juu, na feleji ni nzito. Hizi ni za ndege kubwa: petroli, 3D, jeti za tabaini. Kwa Hitec herufi TG, kama kwenye HS-7955TG, ni titani. Ukiwa na ndege ya kilo 7 inayopita juu ya vichwa vya watu, hapa si pa kubania.

Wanaoishi pwani wafungue servo za feleji mara kwa mara. Hewa ya chumvi na grisi iliyokauka huleta kutu.

*Utajua umefaulu* ukiwa na aina ya gia mbele ya kila servo, na, kwenye ndege ya povu yenye mkia, angalau moja ikiwa bado ni ya nailoni. Ukiona umeandika chuma kila mahali kwenye ndege hiyo, rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 5: Kagua ulichouziwa

Servo ndogo nyingi za Luthuli Avenue (Nairobi) au Kariakoo mteja wake mkuu ni mwanafunzi wa Arduino (bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki), na roboti ya mezani haianguki kutoka mita 50. Stika iliyoandikwa MG (gia za chuma) haithibitishi kitu.

Ipime kwanza. Servo inayoitwa MG90S ikisoma gramu 9 au 10, kuna jambo. Kisha fungua kifuniko. Baadhi ya servo za "chuma" zina gia moja ya plastiki katikati ya wenzake wa shaba. Mara nyingine ni makusudi ya mbunifu, ili kupunguza kelele na kuilinda mota. Mara nyingine ni ubahili tu. Vyovyote iwavyo, pigo litaitafuta hiyo.

Gusa gia kwa sumaku. Feleji inavutwa. Shaba, alumini na titani hazivutwi. Umeuziwa "gia za feleji" na sumaku haishiki? Rudisha.

Gia kavu zipake grisi kidogo kwa ncha ya kijiti cha meno, kwenye meno tu. Isifike kwenye potenshiometa (kihisi cha ndani kinachoiambia servo imefika wapi), la sivyo servo itaanza kutetemeka ovyo.

## Hatua ya 6: Mkono, skrubu na waya

Washa servo na uiweke katikati (ishara ya maikrosekunde 1500) kabla ya kufunga mkono. Kuufunga kwanza kisha kuuzungusha kwa nguvu hadi ukae sawa ni njia ya uhakika ya kukata meno kabla ndege haijatoka nyumbani.

Hesabu vijino. Kwa servo za ukubwa wa kawaida, Futaba hutumia 25, Hitec 24, JR 23. Mkono wa vijino 24 utaingia kwa kubanwa kwenye shafti ya 25, na utadhani umekaa, mpaka siku utakapozunguka peke yake.

Mkono wa alumini haufungwi kwenye shafti ya nailoni; utausaga. Shafti ya plastiki mkono wa plastiki.

Skrubu pia zinatofautiana. Shafti ya nailoni hutumia skrubu inayojichimbia uzi. Kaza hadi ishike, kisha acha. Shafti ya chuma hutumia skrubu ya uzi wa mashine, na hii hulegea kwa mtetemo, hivyo weka tone moja la gundi ya buluu. Gundi hiyo isiguse kifuniko cha servo wala mkono wa plastiki, kwa sababu baadhi ya plastiki hupasuka zikiguswa nayo.

Mwisho, waya. Tumia tundu la ndani kadiri iwezekanavyo kwenye mkono wa servo, na la nje kabisa kwenye pembe ya kibao, mradi kibao kinafika pembe unayoitaka. Hivyo servo inapata nguvu zaidi, pigo la nyasi linafika kwenye gia likiwa limepungua, na mchezo wa gia unaonekana mdogo kwenye kibao. Hatua hii peke yake imemaliza tatizo la watu kadhaa waliokuwa tayari kununua servo mpya.

## Hatua ya 7: Angalia umeme

Gia za nailoni zikikwama, jino huachia. Za chuma haziachii, kwa hiyo mota inaendelea kusukuma na kuvuta umeme hadi kitu kiungue. Servo ya gramu 9 ikikwama huvuta karibu 0.7 A. MG996R inaweza kufika 2.5 A kwenye volti 6. Fikiria nne za namna hiyo kwenye BEC (kilishi cha umeme wa risiva na servo) ya 3 A iliyomo ndani ya ESC (kidhibiti cha kasi ya mota): voltaji inashuka, risiva inazimika na kujiwasha upya, na kwa sekunde hizo ndege si yako.

Peleka kila kibao hadi mwisho wa mwendo wake na usikilize. Servo ikiguna mfululizo imefika ukomo wa kibao kabla ya ukomo wake. Punguza mwendo kwenye rimoti, au bora zaidi, sogeza waya tundu moja.

Servo iliyoandikwa volti 4.8 hadi 6 isiunganishwe moja kwa moja na betri ya LiPo ya seli 2, ambayo ikijaa ina volti 8.4. Ni servo za HV (za voltaji ya juu) tu zinazoruhusiwa huko.

## Hatua ya 8: Pima mchezo mezani

Washa ndege, mapanga ya propela yakiwa yametolewa. Weka rula kwenye ukingo wa nyuma wa kibao. Kwa kidole kimoja sukuma ukingo juu kwa wepesi, kisha chini, bila kuilazimisha servo igeuke.

Kwenye kibao chenye upana wa milimita 40, ukingo ukitembea zaidi ya milimita 1, tafuta mchezo unatoka wapi kabla ya kuruka. Shika mkono wa servo usitikisike: mchezo ukiisha, ni gia au vijino vya shafti. Ukibaki, ni tundu lililopanuka, kibanio cha waya au bawaba. Watu hutupa servo nzima kwa sababu ya tundu la mkono lililopanuka, ambalo dawa yake ni mkono mpya.

*Utajua umefaulu* kibao kikirudi katikati palepale kila mara, ukitokea juu au chini, na servo ikiwa kimya.

## Hatua ya 9: Ruka, kisha rudi kwenye rula

Ruka mara ya kwanza kwa nusu ya nguvu, usipige mbizi. Ukisikia mvumo mzito wa ghafla kama wa kitu kinachotetemeka, kibao kinapepea: punguza mota mara moja, inua pua taratibu ili kasi ishuke, tua. Hata kama ndege inaonekana nzima, fungua servo hiyo.

Wakati wa kutua ndege yenye flapu, zirudishe juu sekunde moja kabla ya kugusa nyasi. Ukizoea hivyo, huenda usihitaji gia za chuma pale.

Rudia kipimo cha rula kila baada ya siku chache za kuruka. Kwa injini ya petroli, kila siku ya kuruka. Andika namba kwa penseli ndani ya kifuniko cha betri. Servo yenye gia za shaba utaona namba yake ikipanda kidogo kidogo, na ikifika ile milimita 1, badilisha gia.

Baada ya anguko, usijaribu servo kwa kuzungusha mkono wake. Iunganishe na kifaa cha kujaribia, izungushe polepole kutoka mwisho hadi mwisho, sikio likiwa karibu. Jino lililokatika hutoa "tik" mahali palepale kila mara, na mkono unaruka kidogo. Ukilisikia, badilisha seti nzima ya gia, hata kama moja tu ndiyo imekatika: meno yaliyosagana na lile lililovunjika yanaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Seti ya gia iagize pamoja na servo yenyewe, kwa namba ile ile ya modeli, maana huku kwetu seti hizo hazikai dukani na mzigo kutoka China hauna haraka.